Dahabo, Isome Mpaka Chini

Mwanangu Dahabo,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Lugha yetu ya nyumbani bado watu hawajakubaliana iandikwe kwa herufi zipi, na Kiarabu changu ni cha kusomea Qur'ani tu, hakinifikishi kwenye habari za ngamia na vibali. Kiswahili nilikiokota kwa maaskari nikiwa kijana wa kuwatekea maji, nikaongezewa miaka mitatu ya shule, na ndicho kilichonilisha mpaka leo. Nikikosea, sahihisha kimoyomoyo kama unavyofanya siku zote, nakuona.

Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli, karatasi iko juu ya sanduku la sabuni. Alasiri nimeshaiswali. Hatua kumi mbele yangu ni seng'enge, halafu ile ardhi waliyoifyeka mpaka ikawa kama kichwa kilichonyolewa, halafu miti inaanza. Sina muda mwingi kabla ya filimbi ya jioni ya kutufungia ndani, na taa baada ya filimbi unajua ni kesi. Nakusikia ndani na hooyo yako, anakusuka, anakuambia Nairobi kuna baridi, uvae soksi, usile kwa mtu usiyemjua, sanduku ulifunge kamba mara mbili. Hayo ya mama na binti yake namwachia yeye. Msafara wa malori unaondoka kesho asubuhi na mimi nina jambo moja tu la kukuambia, ila siwezi kulifikia bila kuzunguka kidogo.

Unakumbuka juzi, Bwana Mutua alipotuletea kibali chako. Nilifurahi kwamba alikuja mwenyewe. Karani mwenzangu huyo ofisini kwa Disii wa wilaya angeweza kuniachia mezani, lakini aliingia langoni, akapekuliwa kama sisi, akakaa kwenye mkeka wetu akanywa chai.

"Haya, mwalimu mtarajiwa," akasema, "shika karatasi yako. Ukiipoteza, wewe ni hewa."

Ukamuuliza, "Bwana Mutua, wewe ukienda kwenu Ukambani unabeba karatasi gani?"

"Mimi nabeba kuku. Nikirudi bila kuku mama hanifungulii."

"Basi mimi pia niandikiwe kuku."

Tulicheka sana, hata hooyo yako ambaye hakuelewa nusu yake. Ingeishia hapo ingekuwa jioni nzuri. Lakini Mutua ni mtu wa moyo safi, na mtu wa moyo safi hawezi kuacha jambo likae vibaya. Akaanza kukueleza. Kwamba serikali hii ilitoka juzi tu mikononi mwa Mzungu, ni mtoto mchanga. Kwamba kila mtu akidai bendera yake tutabaki na vitambaa. Kwamba yule dereva aliyekanyaga bomu barabarani naye alikuwa na mama, na mama huyo anauliza serikali iko wapi.

"Kwanza amani, dada," akasema. "Huu uhuru wa mtu mmoja mmoja utakuja."

"Utakuja lini, Bwana Mutua? Na lori gani?"

"Unacheka, lakini bila serikali yenye nguvu mwenye bunduki ndiye atakayekutawala."

"Na sasa hivi nani ananitawala? Serikali ni ya kumtumikia mtu. Hii yetu inanihesabu asubuhi na jioni kama mbuzi, kwa kosa la jina la babu yangu."

Kisha ukanigeukia mimi. "Aabo, sema wewe. Miaka yote umesema maneno ya Disii kwa wazee, na maneno ya wazee kwa Disii. Ya kwako ni yapi?"

Nikatafuta sukari. Sukari ilikuwa mbele yangu.

Hapo ndipo uliposema kwa ile sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kuamua: ukishavuka mto wa njia ya Nairobi hutaripoti kwa mtu yeyote, wala hutarudi ndani ya hili boma kuhesabiwa. Mutua akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo ili anyamaze, akanyamaza. Hukuona. Ulidhani nimekosa jibu, na kweli nilikuwa sina, lakini kulikuwa na jingine.

Jibu langu ni hili.

Mimi niliipenda serikali, Dahabo. Sikuipenda kwa mshahara peke yake. Nilipokuwa na umri wako binamu yangu mmoja, mtu ambaye sikuwahi hata kula naye, aliua mtu visimani huko Wajir. Unaijua desturi yetu ya mag, damu inalipwa na ukoo mzima. Wazee walikaa siku tatu, wakagawanya ngamia wa kutoa, na ngamia wawili waliokuwa wangu, niliokuwa nawatunza nioe nao, wakaenda. Hakuna aliyeniuliza. Nilipolalamika baba yangu alisema, "Waryaa, wewe ni nani peke yako?" Na alikuwa na haki, kwa sababu mwaka uliofuata niliugua kifua na ukoo huohuo ulinibeba mgongoni kwa zamu mpaka hapa Garissa. Mkono ulioninyang'anya ndio ulionibeba. Lakini nikiwa kitandani nilisema, kama kuna mahali ambapo mtu anaandikwa kwa jina lake na kuulizwa kosa lake mwenyewe, nitakwenda huko. Nilidhani mahali hapo ni ofisini.

Na wewe ulipotimiza miaka saba, ni nani aliyekutia shuleni? Wazee walikuja nyumbani, wakaniuliza, "Yusuf, msichana akijua kuandika, atamwandikia nani?" Walikuwa wanacheka. Mimi nilikwenda ofisini nikapata barua yenye muhuri, nikawaonyesha, wakashika ndevu wakaondoka. Ofisi hii inayokufungia ndiyo iliyokufungulia daftari. Sikuambii hivyo ili uishukuru. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyo, na mimi nimekaa katikati ya mambo hayo mawili maisha yangu yote, sijapata pa kutokea.

Adeer yako Gedi hakupata tabu hiyo. Ndugu yangu alikuwa na fikra moja tu: mtu ni mja wa Mwenyezi Mungu, na baada ya hapo ni mtu wa ngamia wake. Hakuwapenda hata hao vijana wenye bunduki porini. Walikuja wakamchukulia mbuzi kwa jina la ukombozi, akawaambia, "Mnanikomboa mimi au mnamkomboa mbuzi?" Wewe ulikuwa kipenzi chake. Umemsikia akimtania Mutua kwa Kiswahili chake kisichojua herufi "p", "Bwana karani, mimi naomba kibali kwa Mungu beke yake."

Ilipotoka amri kwamba watu wote waingie vijijini pamoja na mifugo kabla ya siku iliyotajwa, mimi ndiye niliyekuwa mezani tangazo lilipopigwa chapa. Lilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema watu waingie, watalindwa dhidi ya majambazi. Ya pili ilisema watapewa maji na dawa ya mifugo. Ya tatu ilisema malisho mwisho ni pale askari wanapoweza kuona, na mtu yeyote atakayekutwa nje ya hapo baada ya filimbi atahesabiwa kuwa adui.

Nilimjua ndugu yangu. Akiisikia aya ya tatu hataingia. Asipoingia atauawa porini pamoja na watoto wake. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na nilijiona mwenye akili.

Nilimkuta kwenye malisho, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Alinipa maziwa kwanza, hakuniuliza habari mpaka nimeshiba, ndivyo alivyokuwa. Nikatoa tangazo. Nikamsomea ya kwanza, nikamsomea ya pili. Halafu nikaikunja karatasi, Dahabo, ile sehemu ya chini nikaikunja kwa ndani. Yeye hakujua kusoma hata herufi moja. Ningeweza kumwekea yote mbele ya uso asione kitu. Lakini niliikunja, kana kwamba macho yake yangenisuta.

"Ni hayo tu?" akaniuliza.

"Ni hayo tu, walaal."

"Na ngamia watalishia wapi?"

"Hilo watapanga."

Akawatazama ngamia wake. Kisha akasema, "Mimi karatasi siiamini. Lakini kinywa kilichosoma ni cha ndugu yangu." Akawaita watoto wafungue hema.

Waliingia siku mbili kabla ya mwisho. Unakumbuka wewe mwenyewe ulivyowapokea langoni, ukawabeba wadogo. Baada ya hapo uliona yaliyotokea, ila ulidhani ni mambo ya serikali peke yake. Ngamia si mbuzi, hawezi kula pale anapoonekana na askari. Anataka kwenda siku nyingi, achague, aonje hapa, aache pale. Wetu walizunguka ile ardhi iliyonyolewa mpaka mbavu zikatoka. Gedi alikuwa anasimama kwenye seng'enge jioni, mikono nyuma, anatazama miti. Siku moja akaniuliza bila kunigeukia, "Yusuf, ulijua?"

Nikasema, "Sikujua."

Hiyo ndiyo dhambi yangu hasa. Karatasi niliikunja kwa hofu juu yake. Lakini lile neno la pili nililisema kwa hofu juu yangu mwenyewe. Nimeswali Ishaa ngapi ndani ya nyumba hii, maana hata msikitini hatufiki baada ya filimbi, na kila nikisujudu nalisikia neno hilo.

Sasa nifikie jambo ambalo hulijui. Siku ya mwisho alitoka kumtafuta ngamia jike aliyepotea. Hilo unalijua. Hatukukuambia ni ngamia yupi. Alikuwa Adey, yule mweupe.

Ulipokaribia kuzaliwa, watu walimtazama Gedi wakingoja kuitwa washuhudie, kwa sababu mtoto wa kiume akizaliwa kwetu huchaguliwa ngamia jike mdogo siku kitovu kinapofungwa, na wazao wote wa huyo ngamia ni wake mpaka anakuwa mtu mzima. Wewe ukawa msichana, hakuna aliyetarajia kitu tena. Gedi akaenda zizini akarudi akimvuta Adey. Mzee mmoja akamwambia, "We Gedi, umekosea, huyu ni binti." Akajibu, "Nimemtazama, naye ana kitovu." Hadithi hiyo ilichekwa visimani miaka mingi.

Alipopotea, nilimwambia, "Mwache, walaal, ni mmoja tu, na jua limeshuka." Akasema, "Huyu si wangu wa kumwacha. Ni wa Dahabo. Akienda kusomea ualimu ataenda na nini?" Askari wa langoni alimruhusu kwa muda mfupi. Akatoka na kamba yake begani. Mimi nilijua aya ya tatu. Mimi peke yangu kati ya watu wote waliokuwa hapo langoni ndiye niliyeijua neno kwa neno. Na hata wakati ule, Dahabo, hata wakati ule ningeweza kumwita nimwambie, "Gedi, simama, kuna kitu sikukusomea." Nikaona haya mbele ya watu. Nikaona nitamwambia akirudi.

Filimbi ikalia. Risasi tuliisikia sote.

Yule askari aliyefyatua alikuwa kijana wa huko bara. Walinipeleka kumtambua ndugu yangu, nikamkuta huyo kijana amekaa chini, bunduki ameiweka kando. Akaniambia, "Mzee, nilifanya walivyoniambia." Nilitaka kumchukia. Nilishindwa kwa sababu mimi pia ningeweza kusema hivyohivyo. Adey aliletwa asubuhi, alikuwa karibu tu, nyuma ya vichaka. Huyo ndiye tuliyemuuza mwezi uliopita. Sare yako, sanduku lako na hivyo viatu vya kufunga kamba vimetoka kwake.

Ndiyo maana juzi sikuwa na jibu. Wewe na Mutua mlikuwa mnauliza mtu ana haki kiasi gani na serikali ina haki kiasi gani. Nyote wawili mlisema kweli tupu. Mama wa dereva ana haki ya kuuliza serikali iko wapi, na wewe una haki ya kuuliza kwa nini uhesabiwe. Mimi sina elimu ya kuwaamulia. Lakini nimejua kitu kimoja kwa gharama kubwa. Serikali ilimfungia Gedi malisho, hilo ni lake la kuulizwa. Mimi nilimfungia jambo jingine, uwezo wa kuchagua huku akijua. Labda angebaki porini akafa. Labda angeuvuka mpaka kule Elwak akawa hai leo ananicheka. Ilikuwa yake kuamua, nikaamua mimi, kwa mapenzi. Disii hakunituma nifanye hivyo, na wazee hawakunituma. Unapowasikia watu wakubwa wakisema wanajua kinachokufaa, usiwatazame bunduki tu. Tazama wameikunja karatasi wapi. Na ukipata darasa lako, watoto wa watu mbele yako, nawe jitazame mikono.

Basi sasa nakusomea aya yako ya tatu.

Hicho kibali ulichoweka ndani ya Msahafu wako kina karatasi ya pili iliyobaki ofisini. Hukuonyeshwa kwa sababu nilimwomba Mutua usionyeshwe. Inasema hivi, nimenakili: mwenye kibali ataripoti kituo cha polisi kila mwisho wa mwezi, na shule ikifungwa atarudi kijijini kwake, asipofanya hivyo, mdhamini wake atawekwa kizuizini mpaka mwenye kibali apatikane.

Mdhamini ni mimi. Mutua aliponipa kalamu alisita. "Mzee Yusuf, una hakika? Huyu binti ana ulimi."

Nikamwambia, "Nimeulipia mwenyewe huo ulimi." Nikatia sahihi.

Ona jinsi mambo yanavyozunguka. Nilikimbia mag ya ukoo, mtu kulipa kosa la mwingine, nikaikuta ofisini ina muhuri. Lakini safari hii angalau niliulizwa, na nilikubali. Hii sahihi ni yangu. Usiibebe kama deni. Nilipoitia nilikuwa tayari nimekusikia, maana uliyosema juzi mbele ya Mutua umekuwa ukiyasema tangu adeer yako azikwe, kila ukipiga pasi, kila ukichota maji.

Sikuombi uripoti. Sikuombi usiripoti. Nimejaribu kuandika sentensi ya kukuombea kimoja, nimeifuta mara mbili, utaona hapo juu karatasi imechubuka. Ukiripoti kila mwezi na kurudi, nitafurahi kukuona, na sitasema umeshindwa. Ukienda zako, watanichukua. Mimi ni mtu mzima, nimeshazoea mlango unaofungwa kwa nje, na swala inaswalika popote. Hooyo yako na watoto wa Gedi watabaki na Mutua wa kuwaangalia, ameniahidi, na namwamini kuliko ndugu wengi. Sitakudanganya kwamba siogopi.

Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi, uikute ukifika, mto umeshauvuka. Nilikuwa nimeshaikunja hata. Halafu nikaitazama ile karatasi imekunjwa mkononi mwangu, Dahabo, nikajiona palepale malishoni, na Gedi ananiuliza ni hayo tu.

Kwa hiyo nakuja nayo sasa, kabla ya filimbi, kungali na mwanga wa kusomea. Nitaingia nimwambie hooyo yako akuache na nywele nusu. Nitakupa mkononi, ikiwa wazi. Bado una usiku mzima wa kukataa lori au kulipanda, wa kunikasirikia au kunisamehe, na ukitaka kuniuliza kitu, nipo karibu. Nitakaa kizingitini na mgongo umeelekea nje, nikusubiri umalize. Isome yote. Mtu akikuita kabla hujafika chini, usiitike.

Mwenyezi Mungu akutangulie utakakochagua kwenda.

Aabo yako,
Yusuf